Jinsi ya Kuwa Mkenya Ukiwa Umezaliwa Chini ya Mlima Elgon

Hatua ya kwanza ni kumchagua babu, na ni vyema uimalize kabla hujazaliwa. Siku utakapotimiza miaka 18 ukaenda kwa chifu huko Endebess, Saboti, Cheptais au Sirisia kuomba kitambulisho, utaona jinsi maswali yanavyokupita wewe na kumwendea mzee ambaye pengine hukuwahi kumwona. Alizaliwa ng'ambo gani ya mto? Amezikwa wapi? Ndugu zake wako wapi leo? Kama mzee huyo alizaliwa Kimilili, akaoa Bukwo, akafanya kibarua katika shamba la mlowezi Trans Nzoia, kisha akafia Kapchorwa alikokwenda kumzuru dada yake na akazikwa huko huko, basi ulichagua vibaya, na siku hiyo hutarudi nyumbani mapema.

Masharti ya namna hii huyakuti katika Katiba. Watu huyapokezana kwa mdomo, kaka akimwonya mdogo wake, mama akimwandaa binti, ndiyo sababu nimeyapanga hapa kwa umbo la mwongozo. Yakisomwa kwa mfululizo yanachekesha. Mimi sicheki, kwa kuwa najua yanamfanya nini kijana anayekutana nayo. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hana M-Pesa yake. Hafungui akaunti ya benki, haombi mkopo wa chuo, hapati pasipoti, hapigi kura. Polisi wakimsimamisha usiku mjini Kitale hana la kuwaonyesha. Anaishi katika nchi yake kwa hisani ya watu.

Kabla ya hatua ya pili, hili lieleweke vizuri: kitambulisho hakimfanyi mtu kuwa Mkenya. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa, awe amezaliwa Kenya au kwingineko, mama yake au baba yake alikuwa raia. Mama au baba, mmoja anatosha. Kifungu hicho hakiulizi kaburi la babu, hakitaji mto, hakitaji kabila wala lafudhi. Kifungu cha 12 kinaongeza kwamba raia ana haki ya kupewa pasipoti na hati za usajili. Afisa anayekushika vidole na kukuchovya wino hakupi uraia. Anaandika jambo lililokwisha kutokea siku mama yako alipojifungua. Mengine yote katika mwongozo huu yapo kwa sababu ukweli huo umegeuzwa juu chini huku mpakani, na mzigo wa ushahidi ukatwikwa mabegani mwa anayedai haki.

Hatua ya pili ni kujifunza historia ya mipaka, maana utaijibia kwa niaba ya walioichora. Kabla ya 1902 nchi yote hii, kuanzia Elgon hadi kule Naivasha, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakaihamishia upande wa pili kwa kuwa walitaka reli yao yote iwe chini ya utawala mmoja. Mzee wa Kibukusu hakuulizwa, wala wa Kisabaoti, wala wa Kiteso. Mwaka 1926 ikatoka amri nyingine ya kuuthibitisha mpaka, na mito ya Suam, Lwakhakha na Malaba, ambayo watu walikuwa wakiteka maji kingo zote mbili, ikawa mwisho wa nchi. Kingo zote mbili wakabaki watu wale wale: Wabukusu huku na ndugu zao Wagisu kule, Wasabaoti huku na Wasebei kule, Wateso huku na kule. Agosti ya mwaka shufwa ikifika na wavulana wakaanza kupiga njuga za tohara, wajomba na mashangazi huvuka kwa vijia ambavyo havijawahi kuona kibanda cha uhamiaji.

Wenzetu wa ng'ambo waliamua jambo lao kwa njia nyingine. Katiba ya Uganda ya 1995 ina jedwali la jamii zilizokuwa ndani ya nchi hiyo tarehe 1 Februari 1926, na mtu wa jamii iliyotajwa humo anahesabiwa raia wa kuzaliwa kwa mzazi au babu. Wasebei wamo. Wagisu wamo. Wateso wamo. Wabukusu nao wamo. Kwa hiyo Mbukusu anaweza kuambiwa Bungoma kwamba ni Mganda kwa kuwa Uganda inawatambua Wabukusu, na akifika Mbale akaambiwa ni Mkenya kwa kuwa Bungoma ndiko kwao.

Kuna tarehe nyingine ya kuweka akilini. Februari 1976 Idi Amin alidai hadharani kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, mpaka karibu kilomita 32 kutoka Nairobi, ilikuwa mali ya Uganda. Kenya ilikataa kwa ukali, nayo ilikuwa na haki ya kukataa: nchi ni yake na watu ni wake. Basi hatuwezi kuwa watu wake siku Amin alipotaka ardhi, halafu tusiwe watu wake siku mtoto wetu anapoomba kitambulisho.

Hatua ya tatu: leta karatasi za nyanya. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo linalowaumiza watu wengi bila kelele. Karatasi ya kwanza ambayo wazee wetu walipewa ilikuwa kipande. Sheria yake ilitungwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alitakiwa kutembea nacho, kikining'inia shingoni ndani ya kijaluba cha bati, ili mwajiri aandike humo siku za kazi na mshahara, na ili aliyetoroka shamba akamatwe. Mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia yalilimwa na watu wenye vijaluba hivyo. Wanawake hawakuingizwa katika usajili wa watu mpaka sheria ilipobadilishwa 1978. Leo, kijana ambaye babake amefariki na anayetaka kuthibitisha ukoo kwa upande wa mama huambiwa alete nakala ya kitambulisho cha zamani cha kukhu, au cha kogo kama ni Msabaoti. Anatakiwa kuleta kitu ambacho serikali yenyewe haikumpa bibi huyo katika ujana wake wote.

Na vyeti vya kuzaliwa? Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya miezi sita. Aliyezaliwa hospitalini huandikiwa taarifa hapo hapo. Aliyezaliwa nyumbani huandikiwa na naibu wa chifu, mradi mtu ateremke kumwambia. Mama aliyejifungua juu Kaptama au Kopsiro wakati wa masika, barabara imekatika na bodaboda hazipandi, huteremka miezi sita ikiwa imeshapita. Hapo huanza usajili wa kuchelewa, wenye fomu zake, mashahidi wake na nauli zake. Kwa hiyo mwongozo unakushauri uzaliwe hospitalini, kiangazi, karibu na lami.

Jina nalo litunze. Stephen Kiprotich alishinda marathoni ya Olimpiki London 2012. Peruth Chemutai alipata dhahabu ya kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Tokyo, na Joshua Cheptegei akachukua dhahabu ya mita 10,000 kule Paris 2024. Wote watatu walikimbilia Uganda, na majina yao unaweza kuyasikia yakiitwa katika darasa lolote la Kapsokwony. Jina halitenganishi mlima huu. Hata rika halitenganishi. Wasabaoti na Wasebei hutahiri katika marika yaliyo na majina yale yale, Maina, Chumo, Sowe na mengineyo, na bado kijana huulizwa rika la babake kana kwamba jibu litaonyesha alizaliwa ng'ambo ipi.

Maswali hayo ndiyo yalikuwa kiini cha kupigwa msasa. Kwa miaka mingi, mwombaji wa kaunti ya mpakani alikaa mbele ya jopo la chifu, wazee, maafisa wa usajili na wa usalama, wakati mwombaji wa Nyeri au Machakos wa umri ule ule alipeleka cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, akaambiwa asubiri. Wanubi wa Kibera waliupinga mpango huo mpaka nje ya nchi, na Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za mtoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wao kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia. Mpango wa kuwapiga watu msasa haukuisha kwa uamuzi huo.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa msasa huo wa ziada kwa kaunti za mpakani. Nalipongeza tangazo hilo bila kinyongo. Lakini jopo likiondoka chifu anabaki, na chifu ndiye anayemtambua mwombaji. Kama chifu ni mwadilifu, shughuli huisha asubuhi moja. Kama anataka chai, au kama ana ugomvi wa shamba na ukoo wako, au kama ni mwaka wa uchaguzi na wanasiasa wameanza kulia kwamba wapiga kura wanaletwa kwa malori kutoka Uganda, basi msasa unarudi kwa jina jingine. Ombi langu kwa machifu wa Trans Nzoia na Bungoma ni hili: mtoto uliyemwona akienda shule ya msingi kijijini kwako miaka minane, usimuulize babu yake alizikwa wapi.

Hatua inayofuata ni ya mama zetu. Soko la Chwele lina akina mama waliozaliwa Mbale, Manafwa au Bududa, wakaolewa huku zamani, wakazaa, wakalea, wakazika waume zao, na mpaka leo hawana karatasi hata moja ya Kenya. Kwa desturi hakuna mtu anayewaita wageni. Kwa sheria wana haki: Kifungu cha 15 kinasema aliyeolewa na raia kwa miaka saba au zaidi anastahili kusajiliwa kuwa raia akiomba. Shida ni kuithibitisha ndoa. Mahari ilipelekwa kwa ng'ombe, na ng'ombe hawatoi risiti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za kimila nazo zisajiliwe, na wanaume wengi huona shughuli hiyo ni ya watu wa mjini. Nawasihi wasione hivyo. Mume akiwa hai, safari ya kwenda kwa msajili na mashahidi wawili ni jambo dogo. Akishakufa, shemeji anayetaka shamba anaweza kusimama na kusema, "Huyu mama ni Mganda, arudi kwao," na mama huyo, mwenye wajukuu tisa Wakenya, akakosa karatasi ya kumjibu.

Watoto wake wasitishwe na lolote. Baba akiwa Mkenya, wao ni Wakenya. Na kama mama bado ni raia wa Uganda wana haki ya huko pia, kwa kuwa Kifungu cha 16 kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine, na Uganda nayo inaruhusu uraia pacha. Kinachotakiwa ni kuutangaza. Kuuficha ndilo kosa.

Sasa tazama jinsi safari zenyewe zilivyobadilika. Zamani mtu wa huku alivuka mto kwa ndizi, ng'ombe na harusi. Tangu Julai 2010 Soko la Pamoja la Afrika Mashariki linampa haki ya kwenda kufanya kazi na kukaa katika nchi jirani, na tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavukiana kwa kitambulisho tu. Ni jambo jema kwa mwenye kitambulisho. Lori la makontena linapita Malaba kwa karatasi zake safi, na mama wa Lwakhakha mwenye mkungu kichwani anapita njia za panya, akimlipa kila anayemkuta kichakani. Soko lilifunguliwa kwa wote wawili, lakini mmoja wao ndiye aliyepewa funguo.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Wasichana wa Bungoma na Kitale wako Riyadh, Jeddah na Doha, wakipika na kufagia katika nyumba za watu. Wapo waliojifungua huko bila ndoa inayotambuliwa na sheria za Saudia, na watoto wao wakakosa cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo wakakosa njia ya kutoka. Kilio kilipozidi, serikali ya Kenya ilikubali kuwapima DNA mamia ya watoto hao ili kuthibitisha mama zao. Kabla ya 2010 mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alihesabiwa Mkenya kwa baba tu. Leo mtoto wa Riyadh ni Mkenya kwa mama yake, sawasawa na aliyezaliwa Webuye. Lakini mama huyo huulizwa kitambulisho chake mwenyewe kwanza, na akiwa alitoka huku kwa pasipoti aliyotengenezewa na wakala kwa jina lisilo lake, mtoto analipia. Ndiyo maana nasema karatasi aliyonyimwa msichana pale Sirisia inaweza kumfunga mjukuu wa Sirisia nchini Saudia.

Kuna pia waliokuja kwetu. Vibarua wa Bukwo wanavuna mahindi yetu Endebess, na familia za Sudan Kusini zimepanga nyumba Kitale ili watoto wasome. Baadhi yao si raia wala hawadai kuwa raia. Wao nao wana haki, na hili tunalisahau upesi. Katiba inapozungumza juu ya uhai, usalama, mahakama na kutendewa haki kazini, haisemi kila raia, inasema kila mtu. Rebecca Cheptegei, aliyekimbilia Uganda marathoni katika Olimpiki ya Paris 2024, alikuwa na nyumba Trans Nzoia. Septemba mwaka huo alimwagiwa petroli na kuchomwa na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake, akafia Eldoret, akazikwa Bukwo. Ugomvi wa kipande cha ardhi ulitajwa. Alistahili kulindwa na dola hii kikamilifu, awe na kitambulisho cha nchi yoyote ile.

Umekataliwa? Basi usirudi nyumbani ukalale. Omba sababu kwa maandishi, maana Kifungu cha 47 na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 vinakupa haki hiyo. Afisa anayekataa kwa mdomo mara nyingi hawezi kukataa kwa kalamu. Andika barua ya kudai habari kuhusu faili lako chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, nao wana siku 21 za kujibu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ina ofisi Kitale. Nenda na nakala za kila ulichopeleka kwa chifu. Pakishindikana, Mahakama Kuu iko Kitale na iko Bungoma, na Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kuanzisha kesi ya kudai haki za Katiba. Nendeni wengi. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 na wakasikilizwa. Washona waliitwa raia siku ya Jamhuri 2020, na Wapemba wakafuata 2023. Wote hao walikuwa na asili nje ya Kenya na walihitaji mlango wa kuingilia. Msabaoti, Mteso na Mbukusu aliyezaliwa na mzazi Mkenya hahitaji mlango, yuko ndani tayari, na hapaswi kumshukuru mtu kwa kuandikwa.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na hutaandikishwa kupiga kura bila kitambulisho. Kama una mtoto aliyefikisha miaka 18, mpeleke kwa chifu wiki hii, ukiwa na cheti chake cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho chako. Kama una mtoto mchanga aliyezaliwa nyumbani, mteremshie naibu wa chifu habari kabla miezi sita haijaisha. Kama una mke uliyemtoa ng'ambo ya mto, kasajilini ndoa yenu mkiwa hai wote wawili.